Wakwe 23, zawadi laki moja na nusu: nitapandaje Marangu Krismasi hii?

Shikamoo Mama Mdogo,

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Kimara hapa Dar es Salaam. Mume wangu ni Mchaga wa Marangu, mimi kwetu Tanga. Kila Desemba tunapanda kwa wakwe, na kama unavyojua, Krismasi ya mlimani si mchezo. Ukoo wote unarudi.

Mwaka huu mambo yamekaza. Mume wangu ni fundi ujenzi na tangu Agosti kazi ni za kuokoteza. Mimi nachoma vitumbua na maandazi asubuhi hapa mtaani. Nauli ya kwenda na kurudi tumeshaiweka pembeni. Nje ya hiyo tuna laki tatu, na humo humo nitoe sare, viatu na madaftari ya Januari, maana mkubwa anaingia kidato cha kwanza. Zawadi nimezitengea laki moja na nusu, na hapo nimejibana kweli.

Tatizo ni idadi. Baba mkwe, mama mkwe, shemeji watatu na wake zao, wifi mkubwa na mumewe, wifi mdogo aliyeko nyumbani, halafu watoto 12. Jumla 23. Nikigawa ni elfu sita na ushee kwa kichwa, na kwa elfu sita siku hizi unanunua nini?

Mwaka jana tulipeleka biskuti na juisi za paketi. Wifi mkubwa, yeye anaishi Arusha, alishusha mablanketi na chupa za chai kwenye gari lao, kisha akaniuliza mbele za watu, "Nyie wa Dar ndiyo mmeleta hivi tu?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, lakini nililala na donge.

Mume wangu anasema tukope kwenye simu, tutalipa Januari. Mimi naogopa. Jirani kanifundisha kutengeneza sabuni za vipande, na kuna cherehani naweza kuazima, nikawaza nitengeneze zawadi mwenyewe. Ila je, nikipeleka vitu vya nyumbani si ndiyo nitajidhalilisha zaidi? Na watoto nao wananidai mti wa Krismasi wenye taa kama wa jirani. Hii ni wiki ya kwanza ya Desemba na tunaondoka tarehe 21. Nisaidie.

Mama wa Watatu, Kimara

*

Marahaba mwanangu, na poleni na hali.

Nianze na la mkopo ili tulimalize. Hapana. Mkopo wa kwenye simu unaochukuliwa Desemba kwa ajili ya zawadi, huku mlipaji ni fundi asiyejua kazi ya Januari itatoka wapi, huo ndio kausha damu wenyewe, mkopo wa kumnyonya mtu, hata kama aliyeutoa hana ofisi wala sura. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali, na kilio kikubwa cha waliokopa huko kilikuwa ni kudaiwa kwa aibu: ujumbe unatumwa kwa kila namba iliyomo kwenye simu yako. Unaikimbia aibu ya wifi mmoja halafu unaikuta kwa ukoo mzima, tena namba ya wifi nayo imo. Mwambie baba watoto hivyo hivyo.

Sasa hiyo orodha yako. Umehesabu vichwa, ndiyo maana umekwama. Ukoo hauhesabiwi vichwa, unahesabiwa nyumba. Nimezipitia nyumba zako: ya wakwe pamoja na wifi mdogo, za shemeji watatu, na ya wifi mkubwa. Ni nyumba tano. Laki moja na nusu kwa nyumba tano ni hesabu nyingine kabisa.

Ila kabla hujagusa hata shilingi ya zawadi, toa elfu hamsini ya mchango wa kitoweo. Wewe ni mtu wa Tanga, labda hakuna aliyewahi kukwambia waziwazi: Krismasi ya Uchagani kinachokumbukwa ni mnyama aliyechinjwa na nani alichangia. Chupa ya chai ya wifi itasahaulika ikivunjika kioo. Lakini baba mkwe akisimama uani tarehe 25, mbuzi ananing'inia, supu iko motoni na mtori unasongwa, anajua moyoni mkono wa kila mtoto wake. Mume wako ampigie simu kaka yake wiki hii, aulize mchango ni kiasi gani mwaka huu, na atume mapema. Hela iliyotumwa tarehe 8 ina heshima kuliko mara mbili yake iliyotolewa tarehe 24 kwa kuombwa. Kama mchango wenyewe ni mkubwa kuliko hiyo elfu hamsini, aseme yeye kwa mdomo wake kwamba mwaka huu kazi zimekata na hiki ndicho kilichopo. Ni ndugu zake. Wewe usiwe msemaji wa umaskini kwa wakwe.

Elfu ishirini na tano nyingine, nunua doti ya khanga na kilo mbili tatu za sukari kwa ajili ya mama mkwe. Hapa siyumbi. Mkwe umpelekee kitu cha dukani, hata kidogo. Vya kutengeneza viende pamoja na hicho, visiende peke yake. Na khanga uichague kwa maandishi, usije ukamfungia mama wa watu jina la mafumbo bila kukusudia. Watu wa Tanga mnajua kusoma khanga, sina haja ya kukufundisha.

Umebakiwa na elfu sabini na tano. Hizo ndizo za mikono yako.

Kupeleka vya nyumbani ni kujidhalilisha? Inategemea unapeleka nini na wapi. Usipande Marangu na kitu ambacho Marangu kinaota chenyewe. Ndizi wanazo, kahawa wanayo, maparachichi yanaoza chini ya miti. Wewe unatoka pwani, na tena mzaliwa wa Tanga. Viungo, nazi, karanga za kukaanga za kitaalamu, hivyo ndivyo mikono yako inavijua na wao hawana wakati navyo. Na Krismasi kila nyumba itapika pilau, uniamini. Kwa hiyo zawadi yako ya kwanza, ya kila nyumba, ni kopo la viungo vya pilau vilivyosagwa nyumbani.

Kwa makopo matano ya ukubwa wa chupa ndogo ya jemu, nunua sokoni robo kilo ya bizari nyembamba, gramu 50 za pilipili manga, gramu 50 za mdalasini wa vijiti, gramu 25 za iliki na gramu 15 za karafuu. Nunua nzima nzima. Zilizokwisha sagwa zinachanganywa na kila kitu, na ukizipeleka hizo ni afadhali ungebaki na biskuti. Bizari ichague, ina vijiti na hata vijiwe. Kisha kausha kila kiungo kivyake kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, unageuza bila kuacha. Bizari ikianza kunukia na kugeuka rangi kidogo, ipua hapo hapo, maana sekunde chache mbele inakuwa chungu. Tandaza kwenye sinia, acha ipoe kabisa, ndiyo usage. Ukisaga ya moto na kufunga, mvuke unakaa chini ya kifuniko na wiki ya pili unapata ukungu. Iliki ni ghali mwaka huu na mwaka ujao na siku zote, usijaribu kuipunguza zaidi ya hapo. Harufu ya kopo likifunguliwa ndiyo zawadi yenyewe.

Makopo usinunue. Watu wengi wakisema "nitatengeneza nyumbani, ni rahisi", hela yao yote inaishia kwenye chupa mpya na utepe. Pita kwa majirani, omba chupa tupu za jemu, za siagi ya karanga, za kahawa, mradi ziwe za kioo na kifuniko kisiwe na kutu. Loweka lebo kwenye maji ya moto, kwangua, gundi inayobaki isugue kwa mafuta ya kula kidogo na majivu. Chupa zichemshe, uzikaushe juani mdomo wazi kwa siku nzima. Kama kifuniko kimeganda harufu ya kachumbari, kitupe, hakitoki.

Zawadi ya pili ni ya watoto, na hapa usiwaze vitu 12. Ni karanga za mayai, ndoo moja ndogo, utazigawa kwenye vifuko vya khaki. Kilo mbili za karanga mbichi zinatosha kabisa. Zichambue punje kwa punje: yenye ukungu, iliyosinyaa au iliyogeuka rangi nenda nayo jalalani, kwa sababu sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haiondoki kwa kukaanga, na hawa ni watoto wa watu. Piga mayai sita na vikombe viwili vya sukari mpaka sukari iyeyuke kabisa, tia iliki. Karanga ziwe kwenye beseni pana, unanyunyiza mayai kidogo, unamwaga unga wa ngano kidogo, unatikisa beseni mpaka kila karanga isimame peke yake. Rudia mpaka mayai yaishe. Mchoma vitumbua kama wewe moto wa mafuta unaujua, wa wastani, ukiwa mkali unga unaungua na karanga ndani mbichi. Zipoe kabisa kabla ya kufunika. Zikifungwa vizuri zinakaa wiki mbili bado zinalia mdomoni, kwa hiyo kaanga tarehe 18 au 19, si kabla. Ukiziweka nyumbani tangu tarehe 10, hao watatu wako hawatakuachia hata za kuonja.

Kashata za nazi najua zimekujia akilini. Ziache. Nazi mbichi, joto la Dar, safari ya kutwa nzima, halafu siku tatu nyingine kabla ya sikukuu, zitachacha. Ukitaka kashata, beba nazi mbili nzima kwenye begi na mbuzi yako ya kukunia, uzitengeneze huko huko jikoni kwa mama mkwe, watoto wote wamekuzunguka. Hapo ndipo utakapoona nani shangazi anayependwa.

Ya tatu ni vitambaa vya kushikia sufuria, jozi moja kwa kila nyumba. Nenda kwa fundi cherehani yeyote anayeshona vitenge, chini ya meza yake kuna mfuko wa vipande ambavyo anakaribia kuvichoma. Atakupa bure au kwa bei ya soda. Kata miraba ya upana wa kiganja na nusu, kitenge juu na chini, katikati tia vipande viwili vya jinzi kuukuu au taulo la pamba. Isiwe nguo ya nailoni, inayeyuka na kumuunguza mtu. Shona pembeni, kisha pitisha mistari miwili katikati ili vya ndani visitembee, na kona moja acha kitanzi cha kutundikia. Hapa nakuomba uwe mkali na nafsi yako: uzi unaoning'inia ukate, kona iliyopinda ifumue. Kinachomfanya mtu adharau kitu cha mkono ni ule ulegevu wa mwisho. Kitu kikiwa kimenyooka, hakuna anayeuliza kimetoka wapi.

Sabuni ya jirani yako, mwanangu, iahirishe mpaka Pasaka. Sabuni ya vipande ya kostiki soda inataka kama wiki nne za kukaa ikomae, na wewe una mbili na kidogo. Ikipelekwa mbichi inachubua mikono, na hapo wifi atakuwa na la kusema kwa haki. Tena uifanye siku watoto hawapo, glavu mkononi, na ukumbuke ni kostiki inayotiwa ndani ya maji, kamwe si maji juu ya kostiki.

Kufungasha: khaki na kamba ya mkonge, basi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na hata isingepigwa, hakuna kitu kinachoshusha hadhi ya zawadi kama rambo. Chukua kipande cha kitenge, funika kifuniko cha kopo, funga kwa mkonge. Andika kwa mkono jina la nyumba, "Kwa Mama na Baba", "Kwa Shemeji na familia", na majina ya wanao chini. Mkubwa anayeingia kidato cha kwanza ndiye aandike, mwandiko wake tuuone.

Sasa mti. Mnaondoka tarehe 21, kwa hiyo mti wenye taa utawasalimia mende tu hapo Kimara. Kataa kununua, lakini usikatae mapambo, maana watoto wanachotaka hasa ni kufanya kitu cha Krismasi. Desemba hii utaona vijana barabarani wanauza matawi ya mvinje. Moja dogo linatosha, lisimike kwenye ndoo ya mchanga wenye maji. Pamba za theluji sizipendi, jasho linatutiririka halafu tunaigiza baridi ya Ulaya, lakini ni nyumba yako. Ila mshumaa usikaribie huo mti. Mvinje uliokauka ukishika moto haukusubiri ufike na ndoo.

Mapambo yenyewe yafanyeni ya kukunjika, ili myabebe mkapambe sebule ya bibi. Nitakupa moja ninalolipenda. Fumua chelewa sita nzito kutoka kwenye ufagio mpya, zikate sawasawa, urefu wa kiwiko hadi ncha ya vidole. Tatu zifunge kwa uzi ziwe pembetatu, na nyingine tatu vivyo hivyo. Lalisha pembetatu moja juu ya mwenzake ikiwa kichwa chini, funga pale zinapokutana, sehemu sita zote. Hiyo ni nyota. Ndani ya pembe bandika karatasi za rangi au khaki kwa gundi ya nyumbani: kijiko kimoja cha unga wa ngano, nusu kikombe cha maji, koroga motoni mpaka iwe uji mzito. Ni bapa, nyota nne zinaingia chini ya begi. Minyororo ya karatasi za madaftari ya mwaka jana na vipande vya kitenge itamalizia. Pango la Mtoto Yesu msilijenge Dar. Mtalijenga kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, kwa majani makavu ya mgomba, bure, na binamu zao wote wakifinyanga kondoo kwa udongo. Hapo siku nzima ya tarehe 23 imekwisha na wakubwa mmepumua.

Kama mnasali na mngependa kitu cha mezani kwa Jumapili zilizobaki za Majilio, tengenezeni shada: pete ya chelewa au ya waya, majani mabichi, mishumaa minne kwenye vikopo vyenye mchanga. Wanaouza mashada ya dukani kwa bei za kutisha wasikubabaishe. Shada hili lilianzia kwa mchungaji Mlutheri, Johann Hinrich Wichern, mwaka 1839 huko Hamburg, Ujerumani. Alikuwa akilea watoto maskini, nao kila siku wanamuuliza Krismasi lini, basi akachukua gurudumu la mkokoteni, akalipanga mishumaa, wawe wanahesabu wenyewe. Lilianza likiwa kitu cha kuokoteza.

Nimebakiza wifi. Usiende umejipanga kwa vita. Yeye mwaka jana alikuwa na gari na mablanketi, na mtu mwenye gari na mablanketi mara nyingi hajui kwamba mwenzake alipanda basi amesimamisha magoti kifuani. Zawadi zako usizigawe uani mbele za watu, penye mashindano. Fika, salimia, pumzika, jioni pita nyumba kwa nyumba na mumeo na watoto, kila kifurushi kitolewe na mtoto kwa mikono miwili. Na mdomo wako uchunge. Usiseme "samahani ni kidogo", usiseme "mwaka huu hali mbaya ndiyo maana". Sema, "Hivi tumevitengeneza wenyewe, viungo ni vya kwetu Tanga", unyamaze. Wifi akirudia swali lake, mjibu huku unacheka, "Wifi, hicho ukikipikia pilau utanipigia simu." Akinyamaza, mshukuru Mungu. Akiendelea, hilo ni la mumeo, na umweleze sasa, kabla ya safari, kwamba mwaka jana uliumia. Nina wasiwasi mpaka leo hujamwambia, ndiyo maana yeye anadhani dawa ni mkopo.

Hesabu ya mwisho nimeipiga kwa jicho la sokoni: viungo, karanga, mayai, sukari, unga, mafuta, khaki na kamba vinaingia ndani ya elfu sabini na tano, na huenda ukabakiwa na hela ya nazi. Usiiongezee kitu. Ikibaki iende kwenye viatu vya kidato cha kwanza.

Na siku ya safari makopo ya kioo uyaviringishe kwenye masweta ya watoto, ambayo Marangu mtayahitaji, uyabebe miguuni kwako. Buti la basi la Desemba linapakiwa na watu wenye haraka, na kopo moja likivunjika mtafika mnanuka bizari wote watano.

Wako,
Mama Mdogo